Mama Mtu Hajambo

Wateja walimwita Vifungo, kwa kuwa alishona huku amebana vifungo midomoni, na aliyemuuliza jambo alisubiri mpaka ateme cha mwisho. Naye kusubiri alikujua. Maombi yake ya ukaazi yalikuwa yamelala idara ya uhamiaji miaka minne, na watoto aliowashonea sare za shule mwaka ule wa kwanza sasa walikuwa wanaota ndevu.

Kisha dada yake akapiga simu: mama yao amelazwa, figo, na madaktari wanahesabu wiki.

Sheria haikuwa na kona. Anayengoja jibu akivuka mpaka bila kibali cha kusafiri, maombi yake huhesabiwa ameyatupa. Kibali hupewa mwenye dharura, mathalani mzazi mahututi, na dharura sharti ithibitishwe.

Barua ya hospitali alikuwa nayo. Afisa, ambaye shati lake lilipungukiwa kifungo cha pili (Vifungo aliliona hilo kabla ya kuuona uso), alisema barua siku hizi zinachapwa hata vibandani. Angempigia mgonjwa mwenyewe. Akaweka simu mezani, akafungua spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Habari za hapo?"

"Nzuri sana."

"Mimi ni afisa wa uhamiaji, nina faili la binti yako hapa. Hali yako vipi?"

"Mzima kabisa, baba."

"Huumwi?"

"Nani, mimi? Leo nimemaliza sahani mbili."

Nyuma yake ikasikika sauti ya muuguzi: "Bibi, achia huo mpira wa dripu, utauchomoa!"

"Tunashukuru Mungu," mama akaendelea, "sisi si watu wa shida."

Afisa akaaga kwa heshima zote, akaandika: *Mama mtu hajambo.*

"Kaka, wewe umelelewa wapi?" Vifungo akamuuliza. "Mgeni akikusalimia, utaanza kumtajia figo?"

"Dada, mimi naandika nilichosikia."

"Na muuguzi hukumsikia?"

"Fomu inataka kauli ya mgonjwa. Ya muuguzi haina pa kuandikwa."

"Basi nifutie hayo maombi, niende zangu."

"Kufuta kuna fomu yake. Inachukua siku tisini." Afisa akashusha sauti, kwa huruma ya kweli kabisa. "Na ndani ya siku hizo huruhusiwi kusafiri."

Akampa hiyo fomu. Vifungo aliikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza ya afisa uliokuwa ukicheza muda wote, akatoka. Hajamaliza ngazi, simu ikalia.

"Umesikia nilivyokusemea?" Mama alihema kama mtu aliyepanda mlima na ndoo kichwani. "Nilijua tu wanatuchunguza. Ningesema naumwa, wangekuona umetoka kwa ombaomba, wakunyime makaratasi yako."

Watu walikuwa wakipanda, kila mmoja amekumbatia bahasha yake kifuani kama mtoto mwenye homa. Vifungo akasogea ukutani kuwapisha.

"Umenisemea vizuri, mama. Jumatatu nakuja kukuona."

"Jumatatu hii? Kwani wamekupa ruhusa?"

"Wamenipa, mama. Hata hawakunisumbua."