Mpira Mweupe Ulale Wapi

Wiki iliyopita nilikwenda Kisarawe kwenye hitma ya bibi, nikapita makusudi pale ilipokuwa meza ya pool. Banda halipo. Wamejenga fremu za maduka, na mahali hasa pa meza kijana mmoja anauza vigae. Akaniuliza nataka vya sebuleni au vya bafuni. Nikamjibu sitaki chochote, nikaondoka na hasira zangu, maana pale ndipo nilipojifunza kutumia akili na hakuna hata kibao.

Wewe wa rika langu utaikumbuka meza ya namna ile. Kitambaa kimechanika kikashonwa kwa uzi wa viatu, mguu mmoja umewekewa tofali, na mvua zikaula udongo chini ya tofali hadi meza nzima ikainamia barabarani. Ukipiga taratibu, mpira ulikwenda ulikoutuma, halafu ukabadili mawazo. Wageni walikasirika. Sisi tuliujua mteremko ule kama njia ya kisimani.

Asubuhi nilichota maji, nikafagia uwanja, nikambangulia bibi korosho mpaka moshi ukaniwasha macho. Mchana, wanaume wakiwa shamba, mwenye banda alibaki peke yake na karai lake la mihogo ya kukaanga, akaniita tucheze. Alikuwa mama mnene, mpole, lakini mezani hakuwa na masihara. Nikiingiza mpira nikaanza kurukaruka, alinikatisha. "Huo umeshakwisha," alikuwa akisema. "Mweupe umelala wapi?" Alinifundisha kuanza kufikiria na mweusi, ambao huingizwa mwisho, halafu nirudi nyuma: ili niupate mweusi, ule mweupe ninaoupiga kwa fimbo usimame wapi, na ili usimame hapo, nitangulize upi. Ndiyo hesabu pekee niliyowahi kuipenda. Hata leo nikisikia harufu ya mihogo kwenye mafuta, vidole vyangu vinatafuta chaki.

Jirani yetu hakupendezwa. Alikuja kumwambia bibi kwamba msichana hainami kwenye meza ya wahuni. Bibi akamsikiliza vizuri, akampa chai, na kesho yake akaniambia niende kucheza nikitoka madrasa. Jirani akaona adharauliwe mara mbili ya nini, akapeleka maneno kwa baba mdogo, mtoto wa bibi, aliyekuwa akiishi Picha ya Ndege kule Kibaha. Ndiye aliyekuwa akinilipia ada.

Baba mdogo akaja na uamuzi mkononi: ananihamishia kwake, na huko sitashika fimbo wala kutoka nje ya geti. Na yeye mwenyewe kila Jumapili alikuwa kwenye meza ya pool ya huko kwao. Bibi, ambaye hajawahi kucheza pool maishani mwake, alimtazama mwanawe, akasema, "Mfunge kwanza, ndiyo umkataze."

Akakubali, ila tuchezee Kibaha, si kwenye lile limeza lililopinda. Tukapatana mbele ya bibi: akinifunga nahamia kwake, nikimfunga narudi Kisarawe na mchezo wangu. Akaniambia nije na begi kabisa.

Kwa hiyo bibi akaja Picha ya Ndege, akaketi kando ya meza na kanga zake mbili, begi langu miguuni. Vijana wakamwamkia mmoja mmoja, wakazima sigara. Meza ilikuwa imenyooka, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilipiga mpira wa kwanza nikiuachia nafasi ya mteremko, mteremko wenyewe haupo, mweupe ukapitiliza ukatumbukia shimoni. Wakacheka. Mmoja akasema huyu wa Kisarawe kaja na mlima wao.

Baba mdogo alipiga kwa nguvu na kujisikia. Aliingiza mingi, lakini mweupe hakuujali, ukawa unamlalia pabaya. Mimi niliokoteza mmoja mmoja hadi nikabakiwa na mitatu yangu ya njano. Mmoja ulikuwa kwenye mdomo wa shimo la kati, wa bure kabisa, na vijana wote wakanihimiza niuchukue. Nikaizunguka meza. Mweusi ulikuwa karibu na kona. Ili niupate, mweupe ulipaswa kusimama katikati, na kitu pekee cha kuusimamisha katikati kilikuwa ule wa bure. Nikauacha. Wakaguna, wakadhani sijui. Nikaanza na mgumu wa mbali, ukaingia, kisha wa pili, kisha nikaugusa ule wa bure taratibu, na mweupe ukatulia palepale nilipoutaka. Mweusi ukaingia bila kelele.

Baba mdogo akaweka fimbo. Akasema ameona, lakini uamuzi wake haubadiliki, msichana ni msichana. Mbele ya watu wote wale. Niliumia kuliko kama ningefungwa. Bibi akainuka, akalitwaa begi.

"Basi kwako hakai," akasema, na tukaondoka.

Ada haikuja tena, na baba mdogo hakukanyaga tena Kisarawe bibi akiwa hai. Bibi alinisomesha kwa korosho, na nilicheza mpaka namaliza shule. Mwenye banda alihamia Soga, hatukumwona tena. Meza ninazoziona siku hizi zimo ndani ya baa, na msichana akiingia humo anatazamwa kwa jambo jingine. Ule mchana wa wanawake wawili na mpira mweupe umekwenda, na ninaulilia bila aibu.

Baada ya hitma baba mdogo alinivuta pembeni. Amezeeka, na sura yake sasa ni ya bibi mtupu. Nikamwamkia. Akasema ule mchezo ndio uliomtenga na mama yake mpaka kaburini, na kama ningeomba radhi, yangeisha.

"Mchezo haukukutenga, baba mdogo," nikamwambia. "Ulifungwa, ukakataa."

Nikamnawisha mikono, nikampakulia pilau ya kutosha. Radhi sikuomba.