Miwa ya Nyuma ya Vyoo

Trela za miwa zikipita hapa Amalemba, harufu ya majani yaliyoungua hunifikia kabla ya mlio wa trekta. Wateja wanaendelea kungoja mahindi yao ya kuchoma. Mimi naacha kupepea makaa, mguu wa kushoto unaanza kuniuma, na namkumbuka Hedimasta Makokha.

Shule yetu ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Mumias. Mtoto wa huko alijua kazi moja kabla hajajua kusoma: kukimbia nyuma ya trekta, kudandia trela na kuchomoa mua. Aliyechomoa mrefu alikuwa mfalme mpaka nyumbani. Hedimasta alituchapa akachoka. Alitwambia hata nyani wa msituni huangalia tawi kabla ya kurukia. Mwishowe akaja na dawa yake mwenyewe: nyuma ya vyoo alilima kipande cha shamba, akapanda miwa, na sisi tukawa tunapalilianga kila Jumatano. Ijumaa jioni alivua koti, akakunja mikono ya shati, akashika panga. Kila mtoto pingili mbili, wa mwisho darasani sawa na wa kwanza. Sharti lilikuwa moja tu, usionekane nyuma ya trekta. Na kila jioni alisimama barabarani na kengele ya shule, akasimamisha kila kinachokuja mpaka wa mwisho wetu avuke. Kuvusha watoto ilikuwa kazi yake ya zamani; mama yangu naye, enzi zake, alivushwa na kengele hiyo hiyo.

Aliyeharibu ni Ernest Wesonga. Namtaja sababu amezeeka akiheshimiwa, na kanisani anakaa kiti cha mbele. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na trekta mbili zilizosimamishwanga na kengele zilikuwa zake. Dereva wake, Opati, alitutukana kutoka huko juu mpaka nyanya zetu tusiowajua wakatajwa. Lakini Wesonga angesemaje mbele ya watu kwamba watoto wanamchelewesha? Akaita mkutano wa wazazi, akasema hedimasta amegeuza watoto wetu vibarua.

Wiki hiyo nilikuwa nimekosa pingili zangu. Hedimasta alikuwa ameniona nikining'inia kwenye trela, na Ijumaa akaniruka kwenye foleni, wenzangu wakanitafunia miwa masikioni njia nzima. Nilikuwa na miaka kumi na moja na hasira ya mtu mzima. Wesonga alipouliza ni mtoto gani analazimishwa kulima, mkono wangu ndio uliotangulia.

"Sema, mama, usiogope," akanibembeleza.

"Tunalimishwanga kwa nguvu," nikasema. "Na ukikosea, unanyimwa."

Wazazi wakaguna. Hedimasta alikuwa ameketi pale mbele, kofia magotini. Aliniangalia, kisha akaangalia kofia.

Muhula uliofuata akapelekwa Lugari. Miwa yetu ikang'olewa, kengele ikabaki ofisini, na sisi tukarudi nyuma ya trekta. Mwaka uliofuata, siku niliyoteleza kwenye trela, Opati alisikia wenzangu wakipiga nduru na hakufunga breki. Mimi nilipona. Mguu haukupona, na masomo yangu yakaishia darasa la tano.

Wiki ya tatu hospitalini, Hedimasta aliingia wodini na kifurushi cha gazeti. Alikuwa ametoka Lugari asubuhi hiyo. Ndani mlikuwa na miwa, imemenywa na kukatwa vipande vidogo vya mgonjwa, myembamba kama vidole vyangu. Nikatafuna. Kulikuwa na neno nilitaka kumwambia, na nyinyi mnalijua. Nikasema lingine.

"Mwalimu, hii haina sukari."

Akacheka mpaka nesi akageuka. "Ya Lugari bado ni mwanafunzi, mama. Iko darasa la kwanza. Kula polepole."

Aliketi mpaka nikamaliza, akakusanya makapi kwenye gazeti lake, akaenda. Sikumwona tena. Habari za mazishi yake zilinipata yakiwa yamepita.

Miaka yote nilifikiri miwa ile aliinunua njiani, akauziwa mibaya. Mwaka jana mteja mmoja, mama wa rika langu, akaketi hapa na kuona trela ikipita. Akasema kwao Lugari ni mahindi matupu, lakini shule yao ilikuwanga na miwa nyuma ya vyoo. Mwalimu mmoja alihamia huko akibeba gunia la mbegu za miwa begani, nguo zake zikiwa kwa mfuko mdogo.

Wesonga nimemtaja, na Opati. Wa tatu ni mimi. Hedimasta alikata mbegu kutoka shamba lile lile nililolisemea vibaya, akaenda kupandia watoto wasiomjua, na mazao yake ya kwanza akaniletea mimi.

Nilimuuliza yule mama kama ilikuwa tamu.

"Mwanzoni hapana," akasema. "Tulikuwa tunamcheka. Mwaka wa tatu ndio ilikubali."