Moshi wa Kuwapokea Wajapani

Mume wangu alikuwa mkuu wa bandari ya Bukavu, na mtu asidhani bandari hiyo ilikuwa jambo la kutisha. Ilikuwa na gati moja, winchi moja iliyoshika kutu, na boti iliyokwenda Goma siku injini ilipopenda. Lakini kazi hiyo ilikuja na nyumba ya serikali kule Nguba, yenye baraza linalotazama ziwa. Nyumba hiyo niliipenda kuliko nilivyompenda yeye, na yeye mwenyewe alijua.

Basi ikaja habari ya jumelage, yaani undugu wa miji. Mji mmoja wa Japani, wa bandari na viwanda, ulikubali kuwa ndugu yetu, na wajumbe wake walikuwa njiani. Walitanguliza kalenda yenye picha ya kwao: meli, na nyuma yake mabomba marefu ya viwanda yakitoa moshi. Mkubwa mmoja wa serikali akaileta hadi barazani kwangu, amevaa abakosi mpya, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, akamwonyesha mume wangu ule moshi kwa kidole.

"Citoyen, bandugu yetu beko na moshi. Na sisi tuko na nini?"

"Tuko na ziwa, chef."

"Ziwa haifanye kazi. Moshi njo kazi. Bageni bakikosa kuona moshi, hii nyumba nitapatia mutu mwingine, ule mwenye kujua kuwasha moto."

Siku hiyo sikumaliza hata chakula.

Kando ya bandari kulikuwa na kiwanda cha sabuni kilichokufa tangu serikali ilipowanyang'anya wageni mali na kuwapa wananchi. Bomba lake la matofali lilikuwa bado limesimama. Siku ya salongo, ambapo mji mzima ulilazimika kufyeka nyasi na kuzoa takataka, mume wangu aliwaamuru watu wajaze tanuri matawi mabichi ya mikaratusi. Mimi nilikuwa katika kundi la animasyo, akina mama waliompokea kila mgeni kwa nyimbo za chama. Wageni walipofika gatini, tulibeba kichwani mabeseni ya matunda yale tunayoyaita prune du Japon, yaani plamu za Japani. Wajapani waliyatazama kama watu wasiowahi kuyaona tangu wazaliwe.

Hakuna aliyekumbuka kuchungulia lile bomba. Kunguru walikuwa wamejenga viota ndani yake miaka yote hiyo. Moshi ulipanda, ukakuta pamezibwa, ukarudi. Ukatokea madirishani, milangoni, chini ya mabati, mweusi, ukatujia sote pale gatini.

Wimbo wetu ukakatika kwa kikohozi. Mkubwa alipiga makofi peke yake, akisema, "Industrie! Industrie!" Lakini Wajapani wale walitoka mji wa viwanda, na jengo linaloungua walilijua. Kiongozi wao, mzee mfupi mwenye miwani, alipiga ukelele. Wote wakavua makoti, wakatunyang'anya mabeseni, wakamwaga matunda chini na kujipanga mstari kutoka ziwani. Nikajikuta kati ya mainjinia wawili, napitisha maji ya kuzima moto ambao mume wangu alikuwa ndani akiuchochea. Alitoka amelowa, ana tawi mkononi.

"Nani anazima moto yangu?"

Nilimkanyaga mguu anyamaze.

Mzee yule alisema kupitia mkalimani kwamba hajawahi kuona wanawake hodari namna ile, na kwamba sasa miji yetu ni ndugu kweli. Mkubwa akalia machozi. Nilirudi Nguba nikacheza barazani peke yangu, kwa furaha ya nyumba yangu.

Baada ya miezi kadhaa zawadi ya ndugu zetu ikafika: pampu ya zimamoto, nyekundu, inang'aa. Mkubwa alikuja nayo hadi mlangoni, akaipima sebule yangu kwa macho.

"Maman, hii mashini haiwezi kulala inje. Na lazima ikae karibu na maji. Félicitations, nyumba yenu njo imechaguliwa."

Tulihamia Kadutu, juu kabisa, ambako maji yenyewe tunayapandisha kwa kichwa. Nililia kwa hasira, sifichi. Pampu ikakaa sebuleni kwangu kule Nguba bila tone la mafuta, na kila mgeni aliyefika mjini alipelekwa kuiona. Kundi letu liliitwa kila mara. Nilisimama katika ua wangu mwenyewe, beseni kichwani, nikiimba kuishukuru.