Michuchumio ya Mama Jenifer

Domitila alikuwa na miguu mipana, miguu iliyopalilia pamba ya Kasoli tangu utotoni, na habari za viatu vya mchuchumio zilikuwa zinamchekesha tu. Kicheko kiliisha binti yake, Jenifer, alipochumbiwa na Marcelo, mwalimu wa Bariadi mjini.

"Mayu, siku ya kuniaga usije na yeboyebo," Jenifer alimwambia mama yake. "Watu watapiga picha."

Basi mama mzima akaanza kuhangaika kwenye mitumba. Pea ya kwanza ilimbana vidole hadi akagombana na muuzaji. Ya pili ilimchuna. Wanawake wengine wangevumilia, maana urembo wa mjini ni kuteseka huku unatabasamu, lakini Domitila hakuumbwa kuvumilia upuuzi. Alizunguka magulio yote ya karibu mpaka akachomoa kwenye rundo pea nyeusi, pana mbele, kisigino kirefu lakini kinene. Akatembea nayo juu ya turubai la muuzaji, akageuka, akacheza kidogo. Haikuuma popote. Akarudi nyumbani kifua mbele.

Mimi nasema hakuna kiatu cha hatari kama kisichouma. Kinachobana hukukumbusha kila dakika kwamba umekivaa. Hiki kilimsahaulisha kabisa.

Siku ya sherehe, ukumbini, Jenifer alimleta Marcelo mbele ya wazazi. Katika ukoo wao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani hata kidole. Husalimiana kwa mbali, macho chini. Marcelo, kijana aliyelelewa, alisimama mbali kidogo akainama.

"Mwadila, mayu."

Domitila akaitikia kama alivyoitikia maisha yake yote akiwa peku au na kandambili: akakunja magoti kwa mkupuo mmoja. Kisigino kikateleza kwenye vigae. Marcelo alirudi nyuma, mikono mgongoni, kama adabu inavyotaka. Ni Domitila aliyerusha mikono, akanasa koti lake, kisha shingo, na wote wawili wakaenda chini, mama mkwe juu ya mkwe.

Mtu mmoja akacheka, na shangazi za Jenifer wakajifunika nyuso kwa kanga. Domitila alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wazee walikaa nyuma ya ukumbi saa ile ile. Bujiku, kaka mkubwa wa mumewe, aliuliza nani alimshika mwenzake, kwa kuwa katika ile patashika hakuna aliyeona vizuri.

"Ni mimi, baba," alisema Marcelo. "Nilimwona anaanguka, nikamdaka."

Domitila alikuwa chumba cha jikoni, nyuma ya pazia, akisikia kila neno. Jenifer alikaa kando yake. Jenifer alikuwa ameona. Alimtazama mama yake, akasubiri.

Kusema kulikuwa rahisi, ni kufungua pazia tu. Lakini mkwe aliyemdaka mama mkwe ni kijana mwenye pupa, basi. Mama mkwe aliyemkumbatia mume wa mwanawe atasemwa kisimani, atasemwa kanisani, atasemwa kwenye foleni ya kupima pamba mpaka azeeke. Domitila akatazama sakafu. Jenifer akasubiri kidogo tena, kisha akasogea mbali naye kwenye benchi.

Wazee wakaamua Marcelo alete kondoo na aombe radhi. Alikuja akapiga magoti nje ya pazia, mgongo kwa mlango, suti yake ya sherehe ikiwa bado na vumbi.

"Nisamehe, mayu. Nimekukosea heshima."

Watu wote walikuwa wanangoja jibu lake.

"Nimekusamehe, baba," alisema Domitila, na akaona heri angeanguka tena mbele ya ukumbi mzima kuliko kusikia neno lile likimtoka kinywani.