Safu za Kumi na Mmoja

Fidelia Choquetopa, mwalimu wa hesabu hapa Oruro, hapishani na namba bila kuihoji. Mtajie namba ya basi tu, atakwambia kama ni tasa au inagawanyika, na kwa ngapi. Wanafunzi wanamwogopa. Mimi niliyecheza naye miaka mingi ngoma ya mashetani, ile tunayomchezea Bikira kila kanivali, namwamini kuliko mizani ya sokoni.

Mwaka ule kikundi chetu kilifikisha wachezaji elfu moja na mmoja, na kapteni wetu, Wálter Arancibia, akashika kichwa. Tangu enzi za babu yake tunapita barabarani kumi kumi, na safu yenye pengo kwetu ni mkosi, hakuna anayekubali kucheza humo. Mmoja lazima abaki, akasema, na huyo ni Nicanora Tarqui, aliyejiandikisha mwisho.

Nicanora akasawijika. Mumewe aliwahi kufukiwa na kifusi mgodini akatolewa hai, na Nicanora akamwekea Bikira nadhiri ya kucheza miaka mitatu mfululizo. Huu ulikuwa wa tatu. Ukikatiza unaanza upya, na magoti yake yalikuwa yamekwisha.

“Mwakani, mama. Bikira hana haraka,” kapteni akasema. Nilitamani kumzaba kofi.

Fidelia akainuka. “Wálter, nani kakwambia elfu moja na moja haigawanyiki?”

“Mwalimu, si tasa hiyo? Hata mtoto anaiona.”

“Umeijaribu kwa ngapi?”

“Mbili, tatu, tano, kumi.”

“Ukachoka! Ungefika saba ungekuta mlango wazi. Ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Hizo ndizo tasa, hii ni mtoto wao.”

“Safu za saba? Wa nyuma hata tarumbeta hawataisikia.”

“Za kumi na tatu, basi.”

“Barabara ya soko haitoshi, pembe zitagongana. Kama unamhurumia hivyo, baki wewe, tuwe elfu kamili.”

“Sibaki mimi, habaki yeye,” Fidelia akasema. “Namba haijamfukuza mtu, umemfukuza wewe kwa uvivu. Kumi na moja kumi na moja, safu tisini na moja. Haya, twende tukapime.”

Tukajipanga kumi na mmoja barabara ya soko, pembe kichwani, tukazunguka kama kwenye ngoma. Kiwiko changu kikakwaruza ukuta. “Vuta tumbo ndani wewe,” Fidelia akanifokea. Kapteni akacheka, na aliyecheka hawezi tena kukataa.

Jumamosi ya kanivali tukafika kanisani. Pale tunavua barakoa na kuingia kwa magoti, na safu haiingii nusu. Katikati ya njia Nicanora akakwama, uso umejaa maumivu. Sisi kumi wa safu yake tukamngoja, na walio nyuma yetu wakangoja, hadi nje mlangoni. Hakuna aliyemwinua, kwa kuwa angeinuliwa nadhiri isingekuwa yake. Akasogeza goti moja, kisha la pili, mpaka miguuni pa Bikira.

“Mama, mitatu hiyo,” akasema kwa sauti. “Hatudaiani.”