Zamu ya Mchana

Twahiru hakuwa mtu wa kukaa akatulia, na tangu awe mkuu wa kikosi cha kujitolea cha kuzima moto mtaani kwao, ndipo alipozidi. Akiona moshi wa jiko, anasimama. Akinusa maharage yaliyoungua, anatoka nje kuhakikisha. Nyumba za mtaa huo ni za mbao, zimebanana juu ya mawe ya volkano, na kikosi chake kilikuwa kimebaki jina tu.

Si kwamba hakutafuta watu. Alitafuta hadi akawachosha. Kila Jumapili aliwazungukia wasukuma chukudu, zile baiskeli za mizigo zisizo na pedeli, maana macho yake yalipenda mabega mapana, nao walikubali kwa moyo wote. Mazoezi ya Jumapili yalijaa. Jumatatu alfajiri wote hao wameshika njia na chukudu zao za mbao kwenda Kibumba kubeba viazi, na mtaa unabaki na wanawake, watoto na Twahiru. Hilo kila mtu aliliona isipokuwa yeye.

Mama Léoncie, muuza maji wa robine, bomba la mtaa, alimwambia waziwazi.

"Papa Twahiru, siye tuko hapa siku yote na bidoni zetu za maji. Utuingize."

"Ile kazi ni ya banaume, mama. Kuko kubomoa."

Na kubomoa ndiko kazi yenyewe. Gari la maji haliwezi kupita vichochoroni; moto unakatwa kwa kung'oa nyumba inayofuata kabla haujaifikia. Mwenye nyumba hugoma, hulia, hukumbatia nguzo. Twahiru aliwadharau watu wa namna hiyo, akawaita wabinafsi mbele ya wake zao.

Jumanne mchana, kaa la moto likashika pazia kwa jirani yake, Munguakonkwa. Twahiru alipiga firimbi mpaka mashavu yakamuuma. Hakuja mwanamume hata mmoja. Walikuja wanawake wa robine, wakajipanga kama walivyozoea kupanga foleni, bidoni zikapita mkono kwa mkono. Moto ukazidi kupanda.

"Tubomoe iyi ya pembeni," alisema Mama Léoncie, shoka mkononi.

Ya pembeni ilikuwa ya Twahiru.

"Tungoje kidogo," akasema. "Upepo utageuka."

Alijisikia akisema hivyo, akaona haya mpaka masikioni, na bado mkono wake haukuachia nguzo ya mlango. Mkewe, Farida, alitoka na godoro kichwani. Alimtazama mumewe, kisha akamgeukia Mama Léoncie.

"Mubomoe tu, mama. Lakini mumutoshe pale kwanza."

Wanawake wawili walimshika mikono kwa adabu, kama mgonjwa, wakamweka kando. Kuta zilipoanguka alilia kwa sauti, bila kujificha. Wakaburuta mbao zote mbali, na moto ulipofika ukakuta mawe matupu. Kichochoro kizima kilipona, isipokuwa kwa Munguakonkwa na kwake.

Mama Léoncie alimletea maji ya kunywa. Twahiru aliyashika tu, akiwatazama wale wanawake wakimwagia makaa ya mwisho.

"Mama," akasema, "moto ikiwaka tena, miye nitasimama wapi?"