Mteja wa Kwanza wa Mheshimiwa Lala Kwanza

Jamani, kuolewa na muuza magodoro kuna raha zake. Kuolewa na mbunge, hilo nitakusimulia hata usiponiuliza.

Mume wangu alikuwa na duka la magodoro nyuma ya soko, hatua chache kutoka nyumbani kwetu, katikati ya fundi redio na mama mmoja muuza vitambaa. Magodoro yalipangwa mpaka yakagusa dari, yamevalishwa nailoni, na moja tulililaza nje juu ya meza ya mbao. Mtu akisimama tu, hata kama anauliza njia ya kwenda posta, mume wangu alimwambia, "Lala kwanza, ndipo tuongee." Watu wakalala. Wengine walilala kweli, wakakoroma, mimi nikawafunika shuka. Ndiyo maana mji mzima ulimwita Lala Kwanza. Siku moja nilimsikia hata mama mkwe wangu akimwita hivyo, tena bila kucheka, na jina la mwanawe alilichagua yeye mwenyewe.

Basi mume wangu alikuwa na sharti moja la biashara, na hapo hakuna aliyeweza kumtoa. Mteja wa kwanza wa asubuhi haondoki mikono mitupu. Akitaka punguzo, anapata. Akitaka godoro likatwe pembe ili liingie kwenye kitanda cha mtoto, linakatwa. Akitaka mto wa bure, anapewa mto na mfuko wa kuubebea. Ukimkatalia huyo, mume wangu aliamini, siku nzima imeingia nuksi, bora ufunge duka ukalale. Nilimwambia mpaka nikachoka kwamba hayo ni mambo ya kujitisha tu. Alikuwa ananitazama kwa huruma, kama ninaumwa na sijajua.

Asubuhi moja hata sijamaliza kufagia, akaingia katibu wa chama na wafanyabiashara wa sokoni nyuma yake. Katibu huyu ni mtu mwembamba, suti ya kijivu, mkoba haumtoki mkononi. Akaambiwa alale kwanza, akakataa.

"Hatujaja kununua godoro," akasema. "Tunakutaka wewe. Tunaomba ugombee ubunge."

Weee! Nilicheka mpaka ufagio ukaniponyoka. Nikamgeukia mume wangu tucheke pamoja. Hakuwa anacheka. Alikuwa anachungulia mlangoni kuona kama kuna mtu mwingine aliyetangulia kuingia siku hiyo. Hapakuwa na mtu. Nikajua tumekwisha.

"Sawa," akasema.

Kampeni ilikuwa vituko vitupu. Wapinzani wakasema, mnataka kupeleka bungeni mtu wa kulala? Yeye akapanda jukwaani akajibu kwamba kazi yake ni kuwalaza wengine, mwenyewe hana muda huo. Watu wakavunjika mbavu, wakampa kura. Siku ya kuapishwa tulijazana kwa fundi redio kutazama televisheni. Mume wangu kabla ya kuketi kwenye kiti chake cha bunge alikibonyeza kwa ngumi, akakibonyeza tena, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Mimi nilijifunika uso na kanga, lakini chini ya kanga nilikuwa nacheka mpaka machozi.

Kosa lake lilikuwa moja. Alidhani wapiga kura ni wateja. Bunge likipumzika akawa anarudi nyumbani, asubuhi anafungua geti kama anavyofungua duka, na wa kwanza kuingia anapata anachotaka. Mwalimu mkuu alikuja kuomba paa la darasa, akaahidiwa, na likaezekwa kweli. Mkunga wa hospitali alikuja kulalamika kuhusu magodoro ya wodi ya wazazi. Mume wangu alikwenda siku hiyohiyo, akalala kwenye kila kitanda kitupu na suti yake, akasimama bungeni kueleza mgongo wake ulivyoumia. Magodoro mapya yakaletwa, na akakataa katakata yasinunuliwe dukani kwetu. Hapo nilijivuna, sikufichi. Nilitembea mtaani shingo juu wiki nzima.

Lakini mji una macho, mwenzangu. Watu waligundua kwamba wa kwanza hakosi, wa pili anapewa maneno. Foleni ikaanza kujipanga kabla jua halijatoka. Kijana mmoja aliomba Mheshimiwa amposee mchumba, na huyo mchumba mwenyewe hakuwa na habari. Bwana mmoja aliomba apatanishwe na mama mkwe wake, na mume wangu akashinda huko kutwa nzima, akarudi sauti imemkauka. Mwingine aliomba Mheshimiwa ampigie mwanawe picha. Nikasema, picha tu? Picha tu, lakini mtoto alikuwa hataki kutulia mpaka mchana.

Duka likabaki kwangu. Kukata sponji, kushusha mzigo, kubembeleza wateja, vyote mimi. Nilimkumbuka mume wangu, naye yupo sebuleni kwangu, ila kati yangu na yeye kuna viti vya plastiki na watu juu yake. Siku moja binti yetu alimwamkia, "Shikamoo baba," naye bila kuinua macho akajibu, "Karibu, nikusaidie nini?" Binti alicheka. Mimi nilienda jikoni nikalia juu ya vitunguu, ili nikiulizwa niwe na la kusema.

Muhula ulipokaribia kuisha nikamuuliza waziwazi, "Baba, utagombea tena?"

"Sijui, mama. Inategemea watakavyoniomba."

"Basi mimi nakuomba usigombee."

Akacheka, akanipigapiga bega. "Wewe si mteja. Wewe mwenye duka."

Kesho yake binti akarudi kutoka sokoni mbio. Katibu ametamba mbele za watu kwamba Jumatatu atakuwa wa kwanza getini, na atamwomba Mheshimiwa muhula mwingine. Roho ikanipasuka. Nilimjua mume wangu. Akiombwa na mteja wa kwanza, amekwisha, na mimi nimekwisha naye, miaka mingine ya viti vya plastiki. Nikaapa. Kama ni mteja anayetakiwa, basi mteja atakuja.

Jumatatu alfajiri nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikazunguka nje. Loo! Katibu ameshafika. Ameketi kwenye kiti chake, mkoba mapajani, anatabasamu.

"Shemeji, mbona mapema?"

"Nimekuja kupanga foleni."

"Kwenye geti lako?"

"Kwani limeandikwa wenyewe hawaruhusiwi?"

Nikaketi wa pili. Nyuma yetu watu wakaongezeka, mama wa vitambaa akiwa wa tatu. Kumsukuma Katibu siwezi, kumtukana ni aibu. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni mwenye nyumba na yeye ni mgeni.

"Shemeji, utakaaje na baridi hii bila kitu tumboni? Nakuletea chai."

"Nashukuru, nimeshakunywa."

"Unaikataa chai ya nyumbani kwangu? Mbele ya wapiga kura?"

Akatazama foleni. Foleni ikamtazama. Nilimletea kikombe kile kikubwa cha mume wangu, akanywa. Nikamletea kingine. Nikamwambia cha mwisho ni cha kuagia, akanywa na hicho. Kisha nikamwambia binti afungue bomba la uani ajaze ndoo, polepole, maji yasimwagike. Bomba likaanza, shiriri, shiriri. Katibu akakunja mguu. Akakunja wa pili. Mama wa vitambaa alikuwa ameng'ata kanga yake asicheke. Mwishowe Katibu akaruka, akaweka mkoba kitini.

"Mkoba unashika nafasi yangu!" akasema, huyoo, mbio kuelekea choo cha fundi redio.

Hapohapo komeo likalia. Geti likafunguka. Mume wangu amesimama na suruali ya suti na fulana, akautazama mkoba, akanitazama mimi.

"Mama, umefungiwa nje?"

"Hapana. Mimi ndiye mteja wako wa kwanza."

Foleni nzima ikaitikia, "Ndiye!"

Akasimama wima, kama alivyokuwa akisimama dukani. "Karibu, mteja. Nikusaidie nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, nina hotuba nzima kifuani. Sauti ikatoka ndogo. "Usigombee tena. Ndicho nilichokuja kuomba. Nakutaka wewe."

"Sawa," akasema.

Hata hakupumua katikati. Mimi na machozi yangu, ugomvi wangu nilioupanga, nikabaki sijui niuweke wapi. Naye akashika geti, mabega yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Wameniomba paa, wameniomba mchumba, wameniomba mpaka picha," akasema. "Hilo nimelingoja, mama. Hakuna aliyekuja kuliomba."

Katibu akatokea anakimbia, mkono mmoja kwenye mkanda. "Mheshimiwa! Mimi ndiye wa kwanza! Tazama mkoba!"

"Pole sana, Katibu. Bidhaa ilikuwa imebaki moja tu, na imeshanunuliwa."

Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ile ya dukani ambayo sijaisikia muda mrefu. "Mzigo huu, mama, utaubeba mwenyewe, au nikuletee mpaka nyumbani?"

"Niletee nyumbani," nikasema.